Matundu Kumi

Kamera ya harusi inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Hesabu hiyo niliifanya nyuma ya kadi ya mchango, kwa kuwa nyumbani kwetu mimi ndiye mwalimu wa hisabati na Baba Kulwa ndiye mpiga video. Kamera mbili kwa saa nane ni gigabaiti 720, na hapo sendofu haijaingia. Watu wa Kanda ya Ziwa hawaoani kwa kubana matumizi. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, fedha ya dhahabu imekuwa ikichuruzika hadi kwenye kumbi: kwa washereheshaji, kwa wapambaji, na senti chache zikamfikia mume wangu. Bei ya dhahabu ikipanda, harusi za Katoro na Kahama zinarefuka. Yupo mteja aliyeleta kundi zima la ngoma ya Bugobogobo, wachezaji wakirusha majembe hewani, halafu akataka kila jembe lionekane kwenye video.

Tena mteja wa video haji kesho. Anachukua flashi yake, anaipoteza, halafu baada ya miaka anapiga simu: "Baba Kulwa, ile yetu bado unayo?" Jibu linatakiwa liwe ndiyo. Zamani jibu lilikaa kwenye diski za nje zilizopangwa ndani ya boksi la viatu, kila moja na plasta yenye jina la maharusi, na plasta zilikuwa zinabanduka. Ndipo tukapata seva. Neno ni kubwa kuliko kitu chenyewe: kompyuta ya ofisi ya mtumba, na pembeni yake fremu ya chuma iliyochomelewa na fundi wa madirisha wa Ngokolo, hapa kwetu Shinyanga, ndani yake diski nane za terabaiti nne nne. Iko stoo, kati ya gunia la mpunga na debe la michembe la mama mkwe. Diski zinatunzwa kwa mfumo wa ZFS, zimefungwa kundi moja la namna ambayo mbili zozote zikifa kazi haipotei. Mama mkwe hana ugomvi na ZFS. Ugomvi wake ni LUKU. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana inamaliza yuniti 72 kwa mwezi, nami sikuweza kumbishia, maana hesabu nilimpa mwenyewe.

Shida ilikuwa matundu. Mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta ile, ina matundu manne ya SATA, yaani ya kuchomekea diski. Moja lina diski ya mfumo, matatu yakabaki, na diski ni nane. Tano zinahitaji kadi ya kuongezea, kile kibao kidogo kinachochomekwa kwenye mazabodi ili kuipa matundu mengine. Baba Kulwa akaenda Mwanza kununua, akarudi na uso wa mtu aliyeokota dhahabu barabarani.

"Mama Kulwa, matundu kumi! Na bei ni ya matundu mawili."

Niliigeuza. Matundu kumi yalikuwepo kweli, yamejipanga safu mbili, yanang'aa. Chini, pale kadi inapochomekwa, palikuwa na meno machache tu: njia moja ya PCI Express. Njia moja ya kizazi cha pili, kama ilivyokuwa hiyo, inapitisha megabaiti 500 kwa sekunde na haipitishi zaidi hata ukiisihi. Diski moja ikisoma mfululizo inatoa kama 160. Diski tano ni 800. Nikamwambia hivyo.

"Harusi haitazamwi na diski zote kwa mpigo," akasema.

Hapo alikuwa na hoja. Njia finyu inakupunguzia mwendo tu, haikuibii. Ubaya wa kadi ile ulikuwa mahali pengine, na duka halikuuandika kwenye boksi. Chipu yake halisi ilikuwa na milango miwili. Kila mlango ulikuwa umepachikwa chipu nyingine ya kuugawa mara tano, na ndiko yalikotoka matundu kumi. Kwa kazi nyepesi mgawanyo huo hauna neno. Lakini diski moja ikichelewa kujibu, kompyuta inauzima na kuuwasha upya mlango mzima, na diski nyingine nne zilizo nyuma ya mlango huo zinapotea nazo, bila kosa lolote. Baba Kulwa alikuwa amezichomeka diski zake tano zote upande mmoja, kwa sababu waya zilifika vizuri zaidi.

Miezi ikapita, nami nikaanza kuona aibu kwa maneno yangu. Kisha ikafika siku ya ukaguzi, ambapo ZFS inazisoma diski zote mwanzo hadi mwisho kutafuta palipooza. Kazi nyepesi ikageuka nzito kwa pamoja. Diski tano zikatoweka kwa mkupuo. Mfumo unaovumilia vifo viwili ukaona vitano, ukasimamisha kila kitu. Mume wangu akiwasha upya, zinarudi, ukaguzi unaendelea pale ulipoishia, zinatoweka tena. Baba Kulwa akaacha chakula. Mama mkwe akauliza kama sasa LUKU itapungua.

Katikati ya msiba huo ikaingia simu kutoka Katoro.

Mpigaji alikuwa bwana harusi wa miaka michache iliyopita, mwenye maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu, na nusu ya karasha la kusagia mawe, upande wa Nyarugusu. Siku ya harusi yake, baba yake mdogo alishika maikrofoni mbele ya ukumbi uliojaa, akaahidi ng'ombe. Bwana harusi anakumbuka ng'ombe kumi na watano. Baba mdogo anakumbuka watano. Suala lilikuwa limefika kwenye kikao cha ukoo, na wazee, ambao wengine nao walikuwa wamekunywa siku ile, wakasema iletwe video.

"Ipo," akajibu Baba Kulwa kwa sauti ambayo sikuitambua. "Nipe muda kidogo, bwana."

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Kulwa, ndiye aliyekuja na dawa ya kwanza. Yeye ana karasha Katoro, na ni mtu wa skrepa: ofisi ikibadilisha vyombo, yeye yupo kwenye mnada. Alitoa kadi kutoka kwenye mfuko wa rambo. Nzito, ndefu, ina bapa kubwa la kupozea na betri yake yenyewe pembeni. Betri ilikuwa imevimba.

"Shemeji, hii ndiyo kadi," akaniambia. "Ilikuwa kwenye seva ya wazungu. Ina ubongo wake, ina kumbukumbu yake, ina betri ya kulinda kazi umeme ukikatika. Inapanga diski yenyewe, ninyi mnakaa tu."

Ni kweli kwamba kadi za namna hiyo ziliwahi kuwa fahari. Mwaka 1988 wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akina David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala yaliyoonyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja zinaweza kuipiku diski moja kubwa ya gharama. Mpangilio huo ndio RAID. Kompyuta za siku hizo zilikuwa na nguvu kidogo, kwa hiyo ilifaa kadi ifanye hesabu kwa niaba yao. Lakini Sun Microsystems walipoitoa ZFS mwaka 2005, hesabu ilirudi kwa kompyuta yenyewe. ZFS inaweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha kazi, na ikikuta diski imeleta kipande kilichoharibika inakitengeneza kutoka kwenye diski nyingine. Ili iweze hivyo, inataka kuiona kila diski kwa jina lake na namba yake ya kiwandani, bila mtu katikati.

Sikuwa na nafasi ya kumweleza shemeji hayo yote, kwa sababu kadi ilikuwa imeshachomekwa. Ikatoa ukurasa wake wa bluu kabla hata kompyuta haijaamka. Diski zetu haikuzitambua kama za mtu. Ikauliza, kwa Kiingereza, kama itengeneze kundi jipya. Kidole cha Baba Kulwa kilikuwa juu ya kitufe.

"Mstari wa mwisho unasemaje?" nikauliza.

Kimya. Mstari wa mwisho ulisema kila kilichomo kwenye diski kitafutika.

Shemeji akasema hayo ni maandishi ya kutishia tu, kila mashine inayo. Nikamwambia: "Shemeji, wewe kule duarani ukimweka msimamizi ambaye hakuruhusu kushuka, hakuonyeshi mawe, anakuletea daftari tu jioni kwamba leo tumepata mifuko kadhaa, utamwacha?"

"Huyo ananiibia," akajibu papo hapo.

"Labda hakuibii. Lakini siku akifa ghafla, nani anajua mawe yako wapi?"

Akaitazama kadi. Akaitazama na ile betri iliyovimba. Kwa mtu anayejua namna mifuko inavyogawanywa mdomoni mwa duara, kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, hoja hiyo haikuhitaji nyongeza. Na ndivyo ilivyo hasa: kadi ya RAID ikifa, mara nyingi unatakiwa utafute ndugu yake wa ukoo ule ule ndipo diski zisomeke, nawe utampata wapi Shinyanga. Aliirudisha kwenye rambo. Nasikia aliiuza Kahama, kwa faida.

Kadi ya tatu niliigharamia mimi, kutoka kwenye fungu langu la kikoba, kwa sharti moja: neno la siri la mashine nitalitunza mimi, na hakuna kitakachofutwa humo bila mimi kuwepo. Baba Kulwa alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kile kitufe cha ukurasa wa bluu kilikuwa bado kinamtetemesha.

Tulichokitafuta kilikuwa kadi isiyo na akili. Nalisema hilo kwa heshima. Watu wanaotunza diski nyumbani, duniani kote, wamezunguka miaka mingi wakaishia kwenye ukoo mmoja wa zamani: kadi zenye chipu iitwayo SAS2008. Asili yake ni kampuni ya LSI, kadi yao ikiitwa 9211-8i, lakini wauza seva waliichukua wakaibandika majina yao: IBM wakaiita ServeRAID M1015, Dell wakawa na PERC H200 na H310. Ndani ni chipu ile ile. Ina njia nane za PCI Express za kizazi cha pili, yaani megabaiti 4,000 kwa sekunde, na diski nane tulizonazo hata zikikimbia zote hazifiki nusu ya hapo. Inatoka kiwandani ikiwa na programu ya ndani ya kupanga RAID, lakini unaweza kuifuta hiyo ukaweka nyingine, ya IT, ambayo inaifanya kadi ipitishe diski moja kwa moja na isijue chochote. Kwa kuwa wenye seva kubwa walishahamia kadi mpya, hizi zimejaa sokoni kwa bei ya mtumba. Zipo na za kughushi. Na ukitafuta programu yake utapotea kidogo, kwa sababu LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na Avago nayo ikaichukua Broadcom pamoja na jina lake mwaka 2016. Kadi moja, milango mitatu ya kubisha.

Muuzaji tulimpata Kariakoo. Nilikataa kutuma fedha mpaka arekodi kwa simu kadi ikiwaka na skrini ikionyesha kwamba programu iliyomo ni ya IT. Alinung'unika kwamba wateja wa Dar hawana masharti hayo. Akarekodi. Kadi ikapanda basi, karibu kilomita elfu moja, ikafika stendi ikiwa imefungwa ndani ya gazeti na soksi.

Ilihitaji tundu refu la mazabodi. Hapo nikagundua kwamba tundu hilo lilikuwa limeshaposwa: Kulwa na Doto walikuwa wameahidiwa na baba yao kadi ya gemu. Mapacha wakanuna siku nzima, kila mmoja kwa zamu ili pasiwe na pengo.

Na kadi ilipochomekwa, kompyuta haikuwaka kabisa. Feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Ukiitoa, inawaka. Baba Kulwa alikaa juu ya gunia la mpunga akanitazama kwa macho ya mtu aliyelipiwa na kikoba.

Huu ni ugonjwa unaojulikana. Kadi hizi za chapa za seva zina meno mawili, B5 na B6, yanayobeba mawasiliano ya pembeni ya usimamizi, na baadhi ya mazabodi za kompyuta za kawaida zikiyasikia zinagoma kuamka. Diski hazina haja nayo. Unayaziba meno hayo mawili tu, na meno yenyewe ni membamba kiasi kwamba plasta ya dukani inafunika na ya jirani. Kinachopendekezwa ni utepe mwembamba usioshika moto. Shinyanga mjini siku ile hatukuupata. Wapo wanaotumia rangi ya kucha.

Yangu ilikuwa nyekundu iliyokolea, nimeinunua kwa ajili ya harusi ya wifi, haijafunguliwa. Mikono ya Baba Kulwa ilikuwa haina utulivu, ya kwangu ina chaki. Doto ndiye aliyepaka, miaka kumi na miwili, ulimi nje, nami nikihesabu meno kutoka ukingoni kwa ncha ya sindano. Tulisubiri ikauke. Mama mkwe akapita mlangoni akauliza kama sasa tunaipamba. Tukachomeka. Skrini ikawaka.

Diski, hakuna hata moja.

Kwa haki ya muuzaji, hapa kadi haikuhusika. Kadi ya SAS2008 ina vinywa viwili vipana, na kila kinywa kinatoka na kebo inayogawanyika kuwa ncha nne za SATA. Kebo hiyo ipo ya aina mbili. Moja inatoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Nyingine inatoka kwenye matundu manne ya mazabodi kwenda kwenye ubao wa diski wa seva. Ncha ni zile zile, rangi zile zile, zinaingia kote kote bila kulalamika, lakini waya za ndani zimepishana, na ya pili ukiifunga kwenye kadi hupati chochote. Duka la Mwanza lilitupa hiyo ya pili. Niliigundua kwenye kile kilebo kidogo cha karatasi shingoni mwa kebo, ambacho Baba Kulwa alikuwa ameshaanza kukikata kwa mkasi kwa sababu kinakaa vibaya.

Kebo sahihi zilipofika, diski nane zote zikajitokeza kwa majina yao. ZFS haijali diski imehama tundu gani. Iliziona, ikaziunganisha, ikaendelea na ukaguzi pale ulipokwama, na safari hii hakuna aliyetoweka.

Lililobaki lilikuwa joto. Kadi hizi zimezaliwa kukaa ndani ya seva zenye feni zinazovuma kama upepo wa masika. Stoo yetu ina bati juu, na mwezi wa Oktoba Shinyanga nje tu inapita nyuzi 30. Bapa la kadi liligusika kwa nusu sekunde. Baba Kulwa alichomoa feni kwenye saplai mbovu, akaifunga na vibana vya plastiki ielekee kwenye kadi. Wiki ya pili feni ikawa na manyoya ya vumbi. Aliyelitatua hilo ni mama mkwe, bila kuombwa: alikata kipande cha neti ya mbu kuukuu, akakishona mbele ya feni kwa uzi mweusi. Anakifua Jumamosi. Tangu hapo akizungumza na wageni anaiita "mashine yetu".

Ukaguzi ulipomalizika bila doa, tukaifungua harusi ya Katoro. Shemeji alikuwepo. Baba mdogo alipanda jukwaani akiwa na suti ya kijivu, akashika maikrofoni, akawasalimia watu kwa Kisukuma, akasema yeye hana maneno mengi. Akasema anatoa ng'ombe. Wanawake wa upande wa bibi harusi hawakungoja namba, walipiga kigelegele pale pale, na kilipokwisha lilibaki neno moja: "...watano."

"Rudisha," akasema shemeji. Tukarudisha. Watano.

Tukaenda kamera ya pili, iliyokuwa pembeni. Huko kigelegele kilikuwa kikubwa zaidi, lakini mkono wake ulionekana. Aliunyanyua, vidole vitano wazi. Akaukunja. Akaufungua tena. Hapo mama mzazi wa bibi harusi akapita mbele ya lenzi akitunza kwa khanga, na alipoondoka mkono ulikuwa umeshashuka.

Baba Kulwa alipeleka vyote viwili kwenye kikao, kwenye flashi mpya, bila kukata wala kuongeza. Wazee walitazama mpaka jenereta ikaishiwa mafuta. Wakaamua kwamba mkono uliofunguka mara mbili ni ng'ombe kumi, na kwamba kilichotokea nyuma ya khanga hakiwezi kutozwa mtu. Bwana harusi alipokea kumi. Mmoja, kwa maneno yake, ni ndama aliyevalishwa kengele kubwa.

Baba mdogo alipiga simu wiki iliyofuata, nami nilikuwa karibu. Alishukuru kwa ile suti ilivyotoka vizuri. Kisha akashusha sauti: hicho kipande cha kamera ya pembeni, kile cha mkono, si kinaweza kufutwa tu, ili mambo yaishe?

"Kinaweza, baba," akasema mume wangu. "Ila neno la siri analo Mama Kulwa, na yeye ndiye aliyezihesabu zile mara mbili."